Masharti Kumi na Saba ya Nyumba ya Mkunga

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga. Nchi hiyo haina waoga, walihesabiwa mwaka juzi na serikali ikatangaza kuwa idadi yao ni sifuri. Siitaji kwa sababu jina lake hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, nami sitaki kumpa msomaji kazi ya kufutafuta. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, na ina wizara arobaini na nne.

Katika mji wa Kisondeko, nchini humo, walikuwepo mke na mume waliokuwa wamemaliza kujenga nyumba. Mke aliitwa Bi Tunsume, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Mume aliitwa Mzee Ambilikile, mpimaji ardhi, mstaafu naye, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye kwa mazoea ya kazi alihesabu hatua zake hata akienda kunawa mikono. Nyumba iliwachukua miaka kumi na moja. Ilikuwa na vyumba vitatu, sebule, jiko, na ua wenye bomba, na kila tofali lake Bi Tunsume aliweza kukwambia lilifika mwezi gani.

Tatizo lilikuwa macho ya Mzee Ambilikile. Presha ya macho ilikuwa imemla kimyakimya, na siku alipokwenda hospitali daktari alimwambia kwa upole kwamba alichobaki nacho ni miezi sita ya kuona, labda saba.

"Basi tuhamie," Mzee alimwambia mkewe walipotoka. "Nataka niishi mle ndani ningali naona. Nikiiona kwanza, baadaye nitaiweza."

Bi Tunsume alilia siku moja. Siku ya pili alikwenda kumtafuta Faudhia.

Faudhia alikuwa fundi umeme. Alikuwa amesomea mitambo ya nyumba zinazojiendesha, zile ambazo watu wa mjini huziita nyumba janja: taa inawaka mtu akiingia, bomba linajifunga likisahauliwa, mlango unamtambua mwenyewe. Wala hakuwa mgeni kwao. Bi Tunsume ndiye aliyempokea alipozaliwa, na hakuacha kumkumbusha kwamba alikuja duniani akiwa ametanguliza miguu.

Wakakutana watatu katika sebule tupu iliyonuka rangi mbichi. Faudhia aliketi juu ya ndoo ya rangi, daftari la shule mapajani.

"Haya, baba," alisema. "Tuanzie chumba cha kulala. Ukiamka unashusha mguu upi kwanza?"

"Mimi si mgonjwa," Mzee akajibu.

"Wa kushoto," akasema Bi Tunsume. "Miaka arobaini na moja, wa kushoto."

Faudhia akaandika. Akaenda chumbani, akapiga alama ya chaki sakafuni mahali ambapo mguu wa kushoto ungetua, na pale akapanga kuweka kihisio, kijidude cheupe kama kifuniko cha chupa ambacho kingehisi mguu na kuwasha taa ya chini, polepole, isimchome macho. Walizunguka nyumba nzima hivyo. Jikoni, jiko la umeme lijizime likiachwa peke yake. Bafuni, bomba lijifunge. Korido, taa zimtangulie Mzee hatua kwa hatua. Mlango wa mbele ufunguke kwa sauti yake, asihangaike na funguo.

"Na mlango wa jikoni?" Faudhia aliuliza.

"Huo una komeo," alisema Bi Tunsume. "Komeo nalijua."

Mpango mzima ulienea kurasa mbili. Faudhia alisema kazi yenyewe ni ya siku nne. Mzee Ambilikile, ambaye hakutaka kitu chochote, aliomba kuushika mpango, akauleta karibu na pua, akausoma mara mbili.

"Umechora vizuri," akasema. "Vipimo vimekosea kwa nusu hatua kwenye korido."

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Sheria ya Akili za Majengo. Ni sheria nzuri sana. Ilitungwa baada ya Mtukufu Rais kutembelea nchi ya mbali na kukuta choo kinachojisafisha chenyewe, jambo lililomfanya akae kimya ndani ya ndege safari nzima ya kurudi. Aliposhuka alitamka kwamba kitu chochote kinachoweza kufanya jambo bila kuambiwa ni lazima serikali ikijue kabla hakijalifanya. Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Majengo, Swichi na Maadili, na sheria ikapita bungeni kwa makofi. Tangu hapo mwananchi yeyote mwenye nyumba mpya anayetaka iwe janja hupeleka mpango wake wizarani, ukasomwe, ukapimwe, ukapate muhuri.

Bi Tunsume na Faudhia wakaupeleka.

Makao ya wizara, palepale Kisondeko, yalikuwa ghorofa la vioo lenye mlango wa kujifungua. Mlango huo ulifunguliwa na mtumishi mmoja mwenye mvi, aliyekaa nyuma ya pazia akivuta kamba kila aliposikia nyayo. Alikuwa hodari. Mara moja tu aliwahi kumbana mtu, naye alikuwa mpinzani.

Juu walipokelewa na Kamishna wa Akili za Nyumba, Bwana Polikarpo Ndimbo, mtu mnene mwenye kalamu tano kwenye mfuko wa shati. Alisoma ukurasa wa kwanza huku akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama yangu," alisema, "hii taa ya chumbani. Inawaka yenyewe?"

"Mume wangu akikanyaga."

"Akikanyaga yeye. Sasa, itajuaje kama serikali nayo inataka iwake?"

"Serikali inafanya nini chumbani kwangu?"

Bwana Ndimbo akacheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia swali la mtoto. "Ndiyo maana kuna utaratibu, mama. Nyumba isiyo na akili haiwezi kukosea. Nyumba yenye akili lazima iongozwe. Acheni mpango, tutawaita."

Waliitwa baada ya wiki tatu. Mpango ulikuwa umekataliwa kwa sababu ulichorwa kwa penseli, na penseli hufutika, na kinachofutika ni uchochezi. Faudhia akauchora upya kwa wino. Ukakataliwa kwa sababu katika mchoro nyumba ilikuwa imeipa Ikulu kisogo. Faudhia akaeleza kwamba nyumba imeshajengwa, na kwamba kisogo hicho kiko umbali wa kilomita mia nne. Wakamwambia basi aigeuze karatasi. Akaigeuza. Ukakataliwa mara ya tatu kwa kukosa kipengele kiitwacho Msimamo wa Nyumba.

"Msimamo gani?" aliuliza Faudhia. "Imesimama juu ya msingi wa mawe."

"Kuhusu mambo ya nchi," alisema Bwana Ndimbo. "Inaunga mkono au haiungi?"

Faudhia akaandika: inaunga mkono paa.

Jibu hilo lilipelekwa kwenye kamati, na kamati ikaliona zuri.

Wakati hayo yakiendelea, Mzee Ambilikile alifanya jambo moja. Kila asubuhi baada ya chai alitoka nyumba ya kupanga, akaenda kwenye nyumba yao tupu, akatembea ndani yake. Kutoka mlango wa mbele hadi korido, hatua tisa. Kulia, hatua sita, mlango wa jikoni upande wa kushoto. Alitembea akiangalia, kisha akarudi akiwa amefumba macho. Mwezi wa pili alikuwa bado anaweza kumwonyesha fundi ufa mdogo juu ya dirisha. Mwezi wa nne aliona kilicho mbele yake tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Bi Tunsume alikuwa akimfuata bila kusema, akasimama mlangoni, akamtazama mumewe akipapasa ukuta walioujenga pamoja, kisha akaondoka haraka kabla Mzee hajamsikia anavyopumua.

Siku moja kutoka mlangoni pale alikwenda moja kwa moja wizarani. Mtumishi wa kamba alivuta kwa kasi kuliko kawaida.

"Ndimbo!" alisema hata kabla hajaketi. "Mimi nimepokea watoto elfu mbili na mia tatu. Hakuna hata mmoja aliyesubiri kibali. Mume wangu anapofuka. Nataka taa sita, bomba moja na mlango. Nipe muhuri."

Kamishna aliangalia dari. Lazima tumwonee huruma. Alikuwa na shida yake. Sikukuu ya Taifa ya Swichi ilikuwa imekaribia, na Waziri alikuwa ameahidi kuzindua nyumba janja ya kwanza iliyoidhinishwa. Na katika nchi nzima, kwa sababu zisizoeleweka, hakuna mtu mwingine aliyekuwa amepeleka mpango. Watu wenye nyumba janja walikuwa wakikaa gizani wageni wakija, wakisingizia umeme.

"Mama," akasema Bwana Ndimbo, na sauti yake ikawa laini kama siagi, "ungependa nyumba yako izinduliwe?"

Muhuri ukagongwa saa ileile. Pamoja nao yakaja masharti kumi na saba.

Sitayataja yote, mengine ni siri za ulinzi. Wizara ya Nishati ilitaka nyumba izime taa zote kila inaposikia maneno "kubana matumizi", ili kuonyesha uzalendo. Idara ya Usalama ilitaka madirisha yajifunge kwa mapazia ya chuma mara kiongozi anapoingia. Wizara ya Utamaduni ilitaka nyumba iongee kwa sauti ya mtangazaji wa redio ya taifa, yule anayetangaza misiba. Na Ofisi ya Heshima za Mtukufu ilitaka mlango wa mbele ufunguke, kwa kuingia na kwa kutoka, pale tu mtu atakapotaja cheo kamili cha Mtukufu Rais bila kuruka neno. Kuhusu mlango wa jikoni hakuna aliyesema kitu. Fomu haikuwa na mstari wa mlango wa jikoni, kwa kuwa ilitungwa na viongozi.

Faudhia alisoma masharti, akaweka karatasi chini.

"Mama, hii siyo nyumba. Hii ni kituo cha polisi chenye jiko. Mimi siweki."

Bi Tunsume naye alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Mzee Ambilikile alitangulia. Alikuwa ameketi dirishani, uso akiuelekeza kwenye mwanga, maana siku hizo mwanga na kivuli ndivyo vilivyobaki.

"Weka, mwanangu," alisema. "Nataka kuhamia."

Faudhia akaweka. Ilimchukua wiki mbili, na alitukana kila swichi.

Siku ya uzinduzi, saa moja asubuhi, redio ilitoa habari njema. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mikoa mitatu, na bunge, likikutana kwa dharura, lilikuwa limemwongezea Mtukufu Rais cheo kipya. Kuanzia asubuhi hiyo alikuwa Mtukufu Rais, Mlezi wa Taifa, Mfariji wa Mazao, Amiri wa Nchi Kavu na Maji Yote Yakiwemo ya Bomba, Mwalimu wa Walimu, na Msuluhishi wa Hali ya Hewa.

Watu wa Kisondeko walishangilia, wakanyoosha nguo zao, wakaenda kwenye uzinduzi. Hakuna aliyefikiria mlango, isipokuwa Faudhia. Alikimbia hadi kwenye uzio akiwa na bisibisi mkononi.

"Nahitaji dakika tano ndani!" aliwaambia askari. "Nyumba inajua cheo cha jana!"

"Una kadi ya mwaliko?"

"Mimi ndiye fundi!"

Askari akaangalia orodha. Palikuwa na kwaya, wachungaji wawili, masheikh wawili, na mkurugenzi wa timu ya mpira. Fundi hakuwemo. Akarudishwa nyuma ya kamba, pamoja na bisibisi yake, ambayo iliandikishwa kama silaha.

Mheshimiwa Waziri Hilarioni Kipwepwe alifika saa nne, akakuta mlango umewekewa tofali usijifunge. Aliingia na watu kumi na wanne: Kamishna Ndimbo, mkuu wa polisi, wapiga picha, wapambe, na wenye nyumba wawili. Tofali likaondolewa kwa heshima. Mlango ukajifunga nyuma yao, kufuli likalia *tak*, na mapazia ya chuma yakashuka madirishani kama ilivyoagizwa. Taa zikawaka. Wageni wakapiga makofi.

Waziri alinyweshwa juisi ya ukwaju, glasi tatu, maana ilikuwa tamu na kulikuwa na joto. Kisha akakohoa.

"Ndugu wananchi," alianza, ingawa wananchi walikuwa nje. "Zamani tuliishi katika nyumba zisizotujua. Ukuta ulikuwa ukuta tu. Mlango ulikuwa na kiburi. Unausukuma, unafunguka, hauulizi wewe ni nani. Leo tumeumaliza ujinga huo! Nyumba hii itakuwa macho ya taifa, masikio ya taifa, na, pale bajeti itakaporuhusu, pua ya taifa. Itatusaidia katika maendeleo, katika nidhamu, na katika kubana matumizi..."

Taa zikazimika.

Kulikuwa na giza kama ndani ya gunia. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha akaacha.

"Washeni," alisema Waziri.

"Mheshimiwa, zikizimwa kwa uzalendo hukaa hivyo kwa muda wa saa kumi na mbili," ilisema sauti ya Bwana Ndimbo. "Sharti la tisa."

"Basi fungueni mlango."

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka. Mkuu wa polisi, mtu shujaa, alijongea hadi mlangoni kwa kupapasa, akasimama wima, akataja cheo cha Mtukufu Rais chote, hadi Msuluhishi wa Hali ya Hewa.

"Cheo hakitambuliki," ilisema nyumba kwa sauti ya misiba.

Nyumba ilikuwa imemkana Mtukufu.

"Iko chini ya ulinzi!" alisema mkuu wa polisi. "Nyumba, uko chini ya ulinzi!"

"Nani amemweka nani?" aliuliza Bi Tunsume.

Kutoka nje ilisikika sauti ya Faudhia akipiga kelele nyuma ya kamba. "Tajeni cha jana! Mkitaja cha jana inafunguka!"

Kila mtu alimsikia. Hakuna aliyejibu. Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa, hivyo nieleze kwamba yako makosa mawili yasiyo na dhamana katika nchi hiyo: uhaini, na kumpunguzia Mtukufu cheo. Kila mmoja mle ndani alijua maneno ya kufungua mlango. Kila mmoja alijua pia kwamba wenzake kumi na wanne walikuwa wakisikiliza.

"Ndimbo," Waziri alisema polepole, "wewe una sauti nzuri."

"Mheshimiwa, nina watoto."

"Mkuu wa polisi?"

"Nikitamka itabidi nijikamate, mheshimiwa. Na pingu ziko kwenye gari."

Wakakaa. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Joto likapanda. Mpiga picha mmoja alianza kusali. Waziri alikuwa akibadilisha mguu wa kusimamia, kulia, kushoto, kulia, na Bi Tunsume, aliyekuwa na uzoefu wa kusikiliza miili ya watu, alijua zile glasi tatu za ukwaju zimefika wapi.

"Kuna mlango wa jikoni," Mzee Ambilikile alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Mzee," alisema Bwana Ndimbo kwa mshtuko, "kiongozi hatoki kwa mlango wa jikoni. Kuna picha huko nje."

"Haya."

Dakika kumi nyingine zikapita. Kisha sauti ya Waziri ikasikika gizani, nayo ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyewahi kuwa na mama.

"Mzee wangu, huo mlango uko wapi?"

"Shikaneni mabega," alisema Mzee Ambilikile. "Aliye mbele anishike mimi. Mnakanyaga ninapokanyaga. Hatua tisa."

Wakajipanga, Waziri nyuma ya Mzee, mkuu wa polisi nyuma ya Waziri, na wengine nyuma yao, mkono begani kama watoto wa chekechea. Mzee alitembea bila kupapasa. Tisa, akageuka kulia. Kwenye korido mtu mmoja alijigonga, akaomba msamaha kwa ukuta.

"Mzee, unaonaje gizani hivi?" Waziri alinong'ona.

"Sioni, mheshimiwa. Hata huko nje sioni."

Waziri akalishika bega lile kwa nguvu zaidi.

"Tangu lini?"

"Mpango ulipokuja kwenu mara ya kwanza nilikuwa nasoma gazeti," alisema Mzee. "Mlipoukataa mara ya tatu nilikuwa bado namwona mke wangu. Masharti yalipokuja nilisomewa. Angalia, hapa kuna kizingiti. Inua mguu."

Waziri akainua mguu. Komeo likasukumwa, mwanga wa saa tano ukawapiga usoni, na serikali nzima ikatokea uani kwa mkupuo, ikimshika bega mzee mmoja, mbele ya sufuria zilizoanikwa na kuku wawili. Waziri hakusimama kupigwa picha. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala la mkaa, na hapo historia inamwacha kwa dakika mbili.

Kesho yake gazeti la taifa liliandika kwa herufi kubwa kwamba Waziri Kipwepwe ameongoza kwa mafanikio zoezi la kutoka nyumbani. Lakini wizarani hakukuwa na furaha. Tatizo lilikuwa kubwa: nyumba iliyoidhinishwa na serikali, yenye muhuri wa serikali, ikisema kwa sauti ya redio ya serikali, ilikataa cheo cha Mtukufu mbele ya mashahidi. Kama nyumba ile ilikuwa na akili, basi ilikuwa haini, na aliyeipa kibali alikuwa haini pamoja nayo. Bwana Ndimbo hakulala siku mbili. Tume iliundwa, ikakaa asubuhi moja, ikafikia uamuzi mmoja tu uliowezekana.

Waziri mwenyewe aliuleta, bila msafara, akiwa na dereva peke yake. Alipiga hodi mlango wa jikoni. Bi Tunsume, aliyekuwa akishinda pale na mumewe mchana ingawa walikuwa hawajahamia, alikuwa akichambua mchicha.

"Mama, nimewaletea cheti," alisema, akampa kwa mikono miwili.

Bi Tunsume akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili mumewe asikie: "Inathibitishwa kwamba nyumba iliyotajwa hapo juu imepimwa na wataalamu na kukutwa haina akili yoyote, haijawahi kuwa nayo, wala haitegemewi kuipata. Kwa hiyo haihusiki na Sheria ya Akili za Majengo wala masharti yake." Sahihi, muhuri, tarehe ya mwezi uliopita.

"Kwa hiyo tunaweza kuweka tunachotaka?" aliuliza.

"Mama, nyumba isiyo na akili inaweza kufanya chochote." Waziri aligeukia mahali Mzee Ambilikile alipoketi. Alionekana anatafuta hotuba, asiipate. "Mzee wangu. Taa zako. Nilipaswa..."

"Kaa, mheshimiwa," alisema Mzee. "Kuna uji."

Akakaa, akanywa uji, akaondoka. Mwezi uliofuata alihamishiwa Wizara ya Vivuko, katika mkoa usio na mto.

Faudhia alikuja mchana uleule na bisibisi yake, aliyorudishiwa baada ya kujaza fomu. Aling'oa sharti moja baada ya jingine akiimba. Mapazia ya chuma yakawa paa la banda la kuku. Aliporudi kwenye zile kurasa mbili za daftari, alisita, akaketi juu ya ndoo yake.

"Mama, mpango huu wa zamani haufai tena," alisema taratibu. "Nilipanga taa kwa mtu anayeona kidogo. Taa sasa zitamsaidia nani?"

Mzee Ambilikile ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kidogo cha puani.

"Hatua nazijua," alisema. "Shida ni vitu. Jana mama huyu ameacha beseni kwenye korido."

"Nimeliacha dakika moja!"

Kutokana na ugomvi huo mdogo ukazaliwa mpango mpya. Nyumba ingemwambia kilichopo mbele yake. Faudhia aliweka vihisio vya kupima umbali ukutani, na spika ndogo kila chumba, na kilichobaki kilikuwa sauti. Hawakumtaka yule wa misiba. Bi Tunsume alikaa mbele ya simu ya Faudhia saa nzima akirekodi, kwanza kwa Kiswahili cha hotuba, hadi Faudhia alipomwambia aongee kama anavyoongea. Ndipo akarekodi: "Angalia, kuna kitu mbele yako." "Kizingiti hicho, inua mguu." "Umeacha bomba." "Jiko linawaka, usisogeze mkono." "Umefika kitandani, kaa."

Walihamia siku ya Jumamosi, mwezi wa nane tangu siku ya daktari. Mzee Ambilikile aliingia kwa mlango wa mbele kwa sauti yake mwenyewe, akisema neno moja tu, "Nimerudi," na ukafunguka.

Asubuhi ya wiki ya pili, Bi Tunsume alikuwa uani akimwagilia mboga chini ya dirisha la jikoni. Ndani alisikia mumewe akitoka chumbani. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwenye korido, "Kizingiti hicho, inua mguu."

"Asante," alisema Mzee Ambilikile.

Bi Tunsume akaacha kumwagilia.

"Angalia, kuna kitu mbele yako," ilisema nyumba. Kilikuwa kigoda.

"Asante, mama. Nimekiona," alisema Mzee, akikizunguka.

Katika miaka arobaini na moja, kwa chai, kwa chakula, kwa watoto wanne, kwa matofali, mtu yule hakuwahi kutamka neno hilo kwa mkewe. Si kwa ubaya. Hakuwa mtu wa maneno. Bi Tunsume alisimama na ndoo mkononi, maji yakimwagikia miguuni, akamsikiliza mumewe akimshukuru kwa bomba. Alipofika dirishani, kwenye jiko, na kusema "asante" ya nne, mkunga alishindwa kujizuia.

"Karibu," alisema.

Kisha akamsikia Mzee Ambilikile akirudi sebuleni kwa haraka, hatua sita na tisa, akiitafuta simu yake mezani, na baada ya muda sauti yake, ya chini, ya mtu asiyetaka nyumba imsikie:

"Faudhia, mwanangu, njoo uangalie huu mtambo. Umeanza kujibu." Akasikiliza jibu lake. "Hapana, hapana, usiutengeneze. Nataka tu kujua kama unanisikia siku zote."